Saa Sita za Kaluki

Kyumbi, Machakos
Jumapili, 9 Machi 2025

Dada yangu Kaluki,

Pokea salamu za wote wa hapa nyumbani, kuanzia kwangu mimi kaka yako hadi kwa ng'ombe aliyezaa juzi, ndama jike mwenye doa jeupe usoni. Mke wangu Nthenya anakusalimu. Goti linamsumbua, lakini leo alitembea mwenyewe hadi kanisani na kurudi, akanikataza kumwuliza linaumaje. Mvua bado. Tumepanda ndengu kwenye vumbi.

Utauliza kwa nini nakuandikia barua na sote tuna simu. Kwenye simu mimi na wewe hukatizana kabla ya dakika mbili kuisha, kisha mmoja anasema mtandao ni mbaya. Kwenye karatasi mtu hulazimika kumaliza alichoanza kusema.

Jambo lenyewe ni hili. Wazee wa ukoo wamekubaliana na mpima ardhi aje Alhamisi tarehe 14 Agosti, agawe shamba la Baba na kuweka mawe ya mipaka. Watoto wa Baba tuliobaki ni mimi na wewe tu. Kipande alichokuonyesha wewe, kutoka mtaro wa chini hadi kwenye mikonge karibu na barabara, ndicho kila mtu anakitazama sasa, maana Kyumbi imekua na watu wanajenga maduka hadi mlangoni petu. Nilipendekeza uwakilishwe kwa barua ya wakili. Mwenyekiti, Mzee Kaloki, akasema, "Mwalimu, hatumpimii shamba mtu aliye ndani ya simu, wala aliye ndani ya bahasha. Aje asimame."

"Na asipokuja?"

"Basi tutajua ameshapata kwao kwingine."

Usipokuja, kipande chako kitaunganishwa na changu. Sitaki kiunganishwe. Tena kuna mtu ameshaanza kuchimba msingi pale.

Najua utasema Australia ni mbali, kwa hiyo nimepima. Nilipostaafu, shule ilinipa tufe lao la zamani la dunia, lile ambalo Afrika imechubuka kwa vidole vya wanafunzi. Uzi ukilizunguka katikati unafika sentimita mia moja kamili, na dunia katikati ina kilomita elfu arobaini. Basi kila sentimita ni kilomita mia nne. Nikavuta uzi kutoka Nairobi hadi Perth: sentimita ishirini na mbili na robo. Hizo ni kilomita elfu nane na mia tisa. Ndege kubwa huenda kilomita mia nane na hamsini kwa saa. Gawanya, kisha ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Unapata saa kumi na moja. Mtu anayetoka hapa kwenda Malaba kwa basi hukaa karibu muda huo huo, na hapewi chakula.

Njoo, Kaluki.

Kaka yako,
Nzau Kiema

*

Perth
2 Aprili 2025

Kaka Nzau,

Barua yako imefika ikiwa na vumbi la Kyumbi ndani, nadhani ulifunga bahasha ukiwa shambani. Nimefurahi. Niambie huyo ndama mmemwitaje. Mimi niko salama, wajukuu wako salama, huku joto limeanza kupungua na nimepanda sukuma kwenye ndoo nyuma ya nyumba. Mwambie Nthenya asikubali kuchomwa sindano ya goti na mtu yeyote kabla hajaniuliza. Mimi bado ni nesi, hata kama nimestaafu.

Kuhusu kuja. Hesabu yako ni nzuri, Mwalimu, lakini kuna kitu sikukwambia. Mwezi wa kwanza nililazwa. Damu iliganda mguuni, kwenye shavu la mguu wa kushoto. Niko na dawa, niko na soksi za kubana zinazonifanya nionekane mchezaji wa mpira. Daktari ameniambia nisikae kwenye kiti cha ndege kupita saa sita kwa mara moja. Wewe mwenyewe umesema ni saa kumi na moja. Basi imeshindikana. Gaweni tu, mimi sitalalamika. Niko na nyumba hapa.

Ila niambie: ni nani anachimba msingi pale?

Wako,
Kaluki

*

Kyumbi
Jumapili, 27 Aprili 2025

Dada Kaluki,

Nimesoma habari ya mguu wako mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama. Kwa nini ulinyamaza miezi mitatu? Nthenya amekuombea kwa jina mbele ya akina mama wote wa kanisa, kwa hiyo sasa mguu wako unajulikana Kyumbi nzima. Mvua ilikuja, ndengu zimeota. Ndama anaitwa Pasaka.

Sasa tusikate tamaa mapema. Daktari hajasema usisafiri. Amesema usikae kupita saa sita kwa mara moja. Hayo ni mambo mawili tofauti, na la pili lina jibu. Ukipewa mtungi usioweza kuubeba, unabeba kwa vibuyu.

Nimerudi kwenye tufe na uzi. Kwanza Perth hadi Singapore: kilomita elfu tatu na mia tisa, saa tano na dakika chache. Unashuka, unalala huko, unatembeza mguu. Pili, Singapore hadi Mumbai: umbali ni ule ule, na saa zile zile. Unalala tena. Tatu, Mumbai hadi Dubai, kilomita elfu moja na mia tisa na thelathini, hata saa tatu hazifiki. Nne, Dubai hadi Nairobi, kilomita elfu tatu mia tano na hamsini, saa tano kasoro. Hakuna mruko hata mmoja unaogusa sita. Umeona?

Nilimpa Nzisa, mjukuu wangu anayekaa Syokimau, ahakikishe kwenye kompyuta ya kazini. Alikuja Jumamosi akiwa amechapisha karatasi nne. "Umau," akaniambia, yaani babu, "umekosea dakika kumi hapa na robo saa pale, lakini ndege ziko. Ila hata robota la mitumba halipitishwi njia kama hii."

Nikamwambia mitumba haina daktari.

Unafunga safari tarehe 6 Agosti, unafika tarehe 10, unapumzika siku tatu, siku ya nne unasimama kwenye mikonge na Mzee Kaloki anakuona kwa macho yake. Tafadhali nijibu upesi, kwa sababu nauli za Agosti hupanda.

Kaka yako,
Nzau

*

Perth
30 Mei 2025

Kaka Nzau,

Nisamehe kuchelewa. Barua ilinikuta sipo. Binti yangu Mbula amejifungua mtoto wa kiume kule Auckland, New Zealand, kwa hiyo nilikuwa huko wiki tatu nikiosha nepi na kugombana na mkwe wangu kuhusu uji. Mtoto ana kilo nne. Ameitwa Kiema, jina la Baba. Nililia sana, usimwambie mtu. Nimerudi wiki iliyopita, nilipanda ndege moja kwa moja hadi hapa, na nikakuta sukuma zangu zimeliwa na konokono.

Sasa hii njia yako. Kaka, ndege nne! Viwanja vitano! Mimi ni mama wa miaka sitini na saba mwenye mguu mmoja wa kuaminika. Nikifika Mumbai nitakuwa sijui kama nakuja au narudi. Watu wa uwanja wa ndege watanikuta nimeketi juu ya sanduku nikiuliza mahali pa kupata chai. Hapana. Nakushukuru kwa kazi uliyofanya, najua ulifurahia kuifanya, lakini hapana.

Na hujajibu swali langu. Nimeuliza ni nani anachimba, ukaniambia habari za Singapore. Nakujua tangu nikiwa mtoto. Usipotaka kusema jambo, unafundisha.

Kaluki

*

Kyumbi
Jumapili, 22 Juni 2025

Mama Mbula,

Hongera kwa Kiema mdogo. Nimeandika jina lake kwenye Biblia ya Baba, ukurasa wa mwisho, chini ya jina la Nzisa. Nthenya amesema uji wa mtama haujawahi kuua mkwe yeyote. Baridi imeshika, asubuhi hatuoni vilima vya Lukenya kwa ukungu. Ndengu tumevuna magunia matatu.

Niliposoma jina la Auckland nilisimama kuchukua uzi. Unanijua. Perth hadi Auckland ni sentimita kumi na tatu na theluthi moja, yaani kilomita elfu tano mia tatu na arobaini. Kwa kanuni yetu ni karibu saa saba. Ukirudi ni zaidi, kwa sababu kule kusini upepo mkubwa huvuma kutoka magharibi, na ndege inayorudi Perth inaupanda kama mtu anayepanda mlima. Nzisa anasema ratiba inaonyesha saa saba na nusu.

Hesabu haina hasira, dada yangu, nami sina. Lakini wewe ni nesi, na huwezi kumdharau daktari wako kwa saa moja na nusu, ukiwa na donge la damu, kwa sababu ya nepi. Kwa hiyo ama daktari alibadilisha neno lake, ama hizi saa sita zina kasoro. Nimezijengea ndege nne. Nakuomba uniambie ni saa sita gani.

Posta inachukua wiki tatu, na Agosti imekaribia. Kwa hiyo Nzisa atapiga picha ya barua hii na kukutumia kwa simu. Bado ni barua. Imalize kabla ya kujibu.

Ukinijibu hilo, nitakujibu lile lako.

Nzau

*

Perth
11 Julai 2025

Kaka,

Nimeimaliza. Nimekaa nayo siku kumi na tisa.

Daktari alisema kumi na mbili. Nisipite saa kumi na mbili, na kila saa moja nisimame nitembee. Alisema kwa Kiingereza. Na wewe unajua tulivyolelewa: kumi na mbili ya saa ya Mzungu ni saa sita yetu, saba yake ni saa moja, na kadhalika. Miaka ishirini na saba nimefanya kazi kwa saa zao, nikipiga simu nyumbani nageuza. Kumi na mbili, sita. Tatu, tisa. Mkono umezoea. Nilipokuandikia nikageuza bila kufikiri, kana kwamba daktari alikuwa ananiambia saa ya chakula cha mchana. Nesi mzima! Ningemwandikia mgonjwa dawa hivyo ningefungwa.

Hilo ndilo kosa. Sasa la pili si kosa.

Barua yako ya ndege nne ilipofika, niliona papo hapo nimeandika vibaya. Nilicheka. Nikachukua kalamu nikusahihishe, halafu nikaiweka chini. Niliona, hii ni nafasi. Mwalimu amejifungia mlango mwenyewe, mimi nimwachie ufunguo wa nini? Nikakujibu habari za Mumbai na chai.

Sikuja kumzika Baba. Unakumbuka nilisema mume wangu alikuwa mgonjwa. Alikuwa mgonjwa, ndiyo, lakini si kiasi hicho. Niliogopa kuwatazama watu niliowaahidi nitarudi baada ya miaka mitatu. Sasa unataka nisimame juu ya shamba lake mbele ya Mzee Kaloki niseme hapa ni pangu. Mtaro ule nilichimba kwa mikono yangu na Baba, nikiwa darasa la saba, wewe ukiwa chuo cha ualimu. Najua kila jiwe. Lakini mtu ambaye hakutupa udongo kwenye kaburi anadai udongo gani?

Hiyo ndiyo saa sita yangu. Sasa wewe. Nani anachimba?

Kaluki

*

Kyumbi
Jumapili, 13 Julai 2025

Dada Kaluki,

Salamu za wote ni njema na leo sitazirefusha.

Anayechimba ni Wesley, mwanangu.

Novemba mwaka jana aliniuliza, "Baba, shangazi atarudi?" Ningesema sijui, ningekuwa nimesema kweli. Nilisema hapana. Nilisema kwa sauti ya mwalimu, ile ambayo watu hawaulizi mara ya pili. Kisha nikatembea naye hadi kwenye mikonge yako, nikahesabu hatua, nikamwonyesha mahali pa kuchimba ili maji ya mtaro yasiingie kwenye duka. Hata hapo nilifundisha. Akaleta lori mbili za mawe kutoka Lukenya.

Mwezi wa pili tuliketi na wazee. Mzee Kaloki akasoma majina ya watoto wa Baba. Alipofika kwako, kila mtu akanitazama mimi. Nilirudi nyumbani nikachukua uzi na tufe, na tangu siku hiyo nimekuwa nikipima kilomita kana kwamba ndizo zilizokuweka mbali. Nilitaka uje bila mimi kusema. Nilitaka ufike, uone msingi, Wesley aondoke, na mimi nionekane kaka aliyekupigania.

Nimemwambia asimamishe. Amesimamisha, lakini amenijibu, "Baba, ni wewe uliyenionyesha." Tangu hapo hanipi zaidi ya salamu. Ana haki.

Kuhusu kaburi la Baba: wewe hukutupa udongo, mimi niliutupa, kisha nikaligawa shamba lake kinyume cha neno lake. Usiniulize nani kati yetu amekosa zaidi, sina kipimo cha hilo.

Sasa nisikilize kwa makini, maana nimebakiwa na hesabu moja. Perth hadi Dubai ni kilomita elfu tisa na thelathini. Ratiba inasema saa kumi na moja na robo. Ni chini ya kumi na mbili. Robo tatu ya saa inabaki, na kila saa moja utasimama utembee ndani ya ndege kama daktari alivyokwambia. Dubai unapumzika saa tano, mguu juu. Kisha saa tano nyingine hadi Nairobi. Ni ndege mbili tu. Unapanda kaskazini ili ushuke kusini, ni mzunguko, lakini njia iliyonyooka haina ndege. Mwonyeshe daktari wako karatasi hii. Akikataa, nitakubali. Wewe ukikataa, sitakubali, nitaandika tena.

Kaka yako,
Nzau

*

Perth
20 Julai 2025

Kaka Nzau,

Hamjambo nyote? Pasaka anaendeleaje, ameanza kula nyasi?

Nilikasirika siku nne. Siku ya tano nikaona nimechoka kukasirika na mtu ambaye ameniambia ukweli, hasa kwa vile mimi wangu nilikuwa nimeuficha tangu Mei.

Daktari amekubali. Ameniandikia sindano moja ya kuchoma kabla ya kupanda, nitajichoma mwenyewe. Nimelipia tiketi. Naondoka hapa Jumatatu tarehe 11 Agosti, saa nne na dakika ishirini usiku. Nimeandika kwa saa yetu, nimehakikisha mara mbili, na Mbula amehakikisha mara ya tatu. Nafika Nairobi Jumanne saa nane na dakika arobaini na tano mchana.

Niko na sharti moja. Wewe usije uwanja wa ndege. Wala Nzisa asije. Atakayenipokea ni Wesley, peke yake. Nilimwacha akiwa na miaka kumi na mitano, anaficha ndevu tatu. Nataka nisikie kutoka kwake kabla sijasikia kwa wazee. Na nataka anione nikitembea na mguu huu, ajue sikuja kumnyang'anya kitu kwa raha.

Akikataa kuja nitajua nimekuta nini huko, na nitapanda teksi.

Dada yako,
Kaluki

*

Kyumbi
Jumamosi, 9 Agosti 2025

Dada Kaluki,

Barua hii Nzisa ataituma leo, uisome kabla ya kufunga sanduku. Nthenya amepaka chokaa chumba chako. Anasema ulete ile soksi ya kubana, jozi moja, ajaribu kwenye goti. Nimemwambia haifanyi kazi hivyo. Amesema atakuuliza wewe.

Nilimpa Wesley barua yako aisome mwenyewe. Aliisoma akiwa amesimama kwenye banda la ng'ombe, akaikunja, akaondoka. Wiki mbili hakuja. Nilimweka Nzisa tayari, nikaandika namba ya teksi kwenye karatasi.

Jana jioni alikuja, ameosha gari. Hakuingia ndani. Akaniuliza, "Baba, anafika saa ngapi?" Nikamwambia saa nane na dakika arobaini na tano mchana, Jumanne, na kwamba utaondoka Perth ikiwa hapa bado ni Jumatatu saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, kwa sababu wao wametutangulia kwa saa tano, kwa hiyo safari nzima ni saa ishirini na moja na dakika...

"Baba," akanikatiza. "Hiyo nimeshaelewa. Nauliza, nitamwambia nini?"

Kutoka uwanja wa ndege hadi hapa ni kilomita arobaini na kitu, karibu saa moja kama malori hayajafunga barabara. Hilo nilimwambia. Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu nilipomwambia asimamishe, akasema, "Kumbe hujui."

"Sijui."

Tukatembea hadi kwenye mikonge, akakaa kwenye mawe yake ya Lukenya. Nami nikakaa. Akasema msingi hataufukia kabla hujauona, ili asionekane kama aliyeficha, na kwamba ukimwambia aufukie, ana sepetu, na ukimwambia neno lingine atalisikia. Sikumwongoza. Ilinigharimu.

Alhamisi nitakuwa pamoja nanyi kwenye mikonge na wazee, na jina lako nitalisema mimi mwenyewe kabla Mzee Kaloki hajauliza. Lakini Jumanne ni yenu wawili. Mtakapofika nitafungua geti, nitabeba sanduku, na sitauliza mlizungumza nini njiani.

Tembea kila saa moja.

Kaka yako,
Nzau